Watano wa Ujerumani Mashariki, na Ubishi Ruksa

Ujerumani Mashariki ilizaliwa tarehe 7 Oktoba 1949, ikazikwa tarehe 3 Oktoba 1990. Haikutimiza hata miaka 41. Wazanzibari wanayo kumbukumbu yake ya saruji, maghorofa ya Kikwajuni iliyosaidia kuyajenga. Mimi naipimia watu: waliozaliwa humo na waliofia humo. Haya, tushuke ngazi.

5. Friedrich Paulus (alifia Dresden, 1957)
Tarehe 30 Januari 1943, Paulus akiwa amezingirwa Stalingrad, Hitler alimpandisha hadi cheo cha juu kabisa cha jeshi, akitarajia ajiue badala ya kukamatwa. Kesho yake Paulus akajisalimisha. Cheo kapokea, kifo kakataa!

4. Bertolt Brecht (alifia Berlin Mashariki, 1956)
Gwiji wa tamthilia. Alimkimbia Hitler mwaka 1933, akahamahama hadi Marekani, kisha akarudi Berlin Mashariki na kuanzisha kundi la Berliner Ensemble mwaka 1949 pamoja na mkewe, Helene Weigel. Nyumba yake ya mwisho ilipakana na makaburi, na makaburini humo ndimo alimozikwa. Safari fupi kuliko zote za mkimbizi yule.

3. Marita Koch (alizaliwa Wismar, 1957)
Mita 400 kwa sekunde 47.60, Canberra, 6 Oktoba 1985. Mpaka leo hakuna mwanamke aliyeifikia. Hapa utani nauweka pembeni. Nchi ilipokufa, nyaraka zilianika mpango wa serikali wa kuwapa wanariadha dawa. Wasichana wadogo walimezeshwa vidonge wakiambiwa ni vitamini. Koch hakuwahi kukutwa na dawa kwenye vipimo, lakini rekodi za zama zile zote zina doa, na dhuluma waliyofanyiwa watoto wale hainitoki moyoni.

2. Toni Kroos (alizaliwa Greifswald, 4 Januari 1990)
Nchi ilikuwa imebakiza miezi tisa. Kiungo huyu hata kuzaliwa kaingia dakika za nyongeza! Katika kikosi kilichobeba Kombe la Dunia 2014, ni yeye pekee aliyezaliwa upande huo. Brazil walipokula mabao saba kwenye mashindano hayo, mawili aliyafunga yeye ndani ya dakika mbili. Aliyeinuka kufuata chai alirudi akakuta msiba.

1. Waldemar Cierpinski (alizaliwa Neugattersleben, 1950)
Marathoni ya Olimpiki, Montreal 1976. Alimwacha bingwa mtetezi, Frank Shorter wa Marekani, akaingia uwanjani wa kwanza, akavuka mstari. Ubao wa kuhesabu mizunguko bado ulionyesha moja. Basi naye, baada ya kilomita 42, akaongeza mzunguko mzima! Alipofika tena mstarini, alimkuta Shorter amekwisha maliza, anamsubiri.

Mnamo 1980, Moscow, akashinda tena. Hapo ndipo ninapomweka juu ya Kroos, mashabiki wake wa Real Madrid wanisamehe. Wanaume waliowahi kulitetea taji hilo la Olimpiki ni watatu tu: Abebe Bikila wa Ethiopia, Cierpinski, na Eliud Kipchoge wetu.