Sifa za Flasha, Mwaminifu Asiyependwa

Katika gari zima hakuna kifaa chenye msimamo kama flasha. Geji ya mafuta hudanganya, kila dereva anajua. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma hata kabla gari halijapanda meli. Flasha peke yake, kile kidude kilichofichwa chini ya dashibodi kinachosema tiki-tiki unapotaka kukata kona, haijawahi kutangaza jambo isiloliona. Na kwa kosa hilo ndiyo inayotukanwa kuliko vifaa vyote, hasa tangu watu walipoanza kung'oa balbu za kawaida na kuweka za LED.

Habari yenyewe mnaijua. Mtu kanunua Toyota iliyotumika Japani, kaipiga rangi, kaiwekea rimu, sasa anaona indiketa zake ni za kizee. Anakwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Shaurimoyo, ananunua balbu nne za LED za rangi ya machungwa, anazichomeka mwenyewe palepale barabarani. Anawasha indiketa ya kushoto, na gari linaanza kukonyeza mbiombio, tikitikitikitiki, hadi wapita njia wanageuka kutazama. Muuza balbu akirudiwa anatoa hukumu bila hata kuinuka kwenye kiti: flasha imekufa.

Haijafa. Sijui kama kuna siku imewahi kuwa hai kuliko hiyo.

Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni ampea 1.75, kwa hiyo ya mbele na ya nyuma kwa pamoja ni ampea 3.5, hatujagusa ile ndogo ya ubavuni. Flasha ndiye karani wa mizani ya malori katika safari ya umeme huo. Umeme wote unaokwenda kwenye taa za kukatia kona lazima upite kwake, naye anapima. Akikuta uzito umepungua kwa nusu, anajua balbu moja imeungua huko nje, na kwa kuwa hana mdomo, anakonyeza haraka ili dereva ashtuke akaangalie. Ndivyo alivyoagizwa tangu kiwandani. Sasa wewe umempitishia LED mbili ambazo mara nyingi zikijumlishwa hazifikishi hata ampea moja. Kwa mizani yake lori limepita tupu. Ulitaka aandike kuwa limejaa?

Na msidhani ukali huu ameuanza juzi. Flasha za zamani, zile za kikopo cha duara chenye pini mbili, zilipima kwa joto. Ndani mlikuwa na utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa, moja ikitanuka zaidi kuliko nyingine. Umeme wa balbu ukipita, utepe unapata moto, unajikunja na kukata njia. Ukipoa unanyooka, njia inafunguka, taa inawaka tena. Ukimpa mzee huyu LED, umeme ni mdogo mno, utepe haupati joto la kutosha, na taa inabaki inawaka tu, haikonyezi kabisa. Mjukuu wa kielektroniki anapiga kelele. Babu aligoma kimya kimya. Mimi naheshimu njia zote mbili.

Hebu sasa tutazame jinsi binadamu anavyomjibu mwaminifu huyu, maana hapa ndipo sifa zake zinapong'aa. Dawa inayouzwa sana ni rezista, kile kipande cha alumini cha rangi ya dhahabu chenye mapezi na nyaya mbili. Kwa kawaida ni ya omu 6 na wati 50. Inaungwa sambamba na balbu ya LED: waya mmoja kwenye waya wa indiketa, mwingine kwenye ethi. Kazi yake ni moja tu, kula umeme. Haitoi mwanga, haizungushi kitu. Kwa volti 12 inakula ampea 2, yaani wati 24. Injini ikiwa inanguruma na chaji imefika volti 14, inakaribia wati 33. Fuatilia hesabu hiyo pole pole. Mtu kaondoa balbu ya wati 21, akaokoa umeme wake, kisha kanunua kwa fedha yake kifaa cha kuchoma umeme mwingi kuliko ule aliouokoa, ili karani wa mizani aone lori limejaa. Na amenunua nne, moja kwa kila kona ya gari.

Joto hilo si la mchezo. Ukiwasha hazadi ukasimama pembeni kubadilisha tairi, rezista iliyofungwa kwenye plastiki ya taa itaiyeyusha, na ukiishika itakubabua kidole. Ndiyo maana lazima ifungwe kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na mbali na nyaya nyingine. Zipo pia balbu za LED zinazojitangaza kuwa hazihitaji rezista. Mara nyingi wameficha rezista tumboni mwa balbu yenyewe, inaikaanga kutoka ndani, na balbu haidumu.

Wenye busara kidogo hubadilisha flasha yenyewe. Ipo flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED ambayo haipimi chochote: inahesabu muda tu, inawasha na kuzima, iwe kuna balbu nne, moja, au hakuna. Hiyo ndiyo inayosifiwa madukani kuwa nzuri. Kwangu mimi ni mtumishi wa aina tuliyoizoea sana, anayepiga muhuri bila kusoma. Balbu ya nyuma ikifa siku hiyo, dashibodi itaendelea kukonyeza kwa utulivu, na wa kwanza kukujulisha atakuwa trafiki, au aliyekugonga.

Hata hivyo flasha huyo mpya naye anataka kujuliwa. Kwenye flasha nyingi za Kijapani za pini tatu utakuta herufi B, L na E: B ni betri, L ni taa, E ni ethi. Zipo flasha mbili zinazofanana kama mapacha ambazo B na L zimebadilishana nafasi. Ukichomeka ile isiyo yako, indiketa zinakaa kimya, na fundi asiyesoma herufi anaanza kufumua nyaya. Babu wa pini mbili hakuwa na ethi kabisa, kwa hiyo mrithi wake wa kielektroniki mara nyingi atadai aongezewe waya wa kwenda kwenye bodi. Na Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina flasha ya pini nane iliyochomekwa karibu na sanduku la fyuzi. Ya pini tatu hapo haiingii hata ukiisukuma kwa nyundo.

Kabla ya hayo yote, kuna tuhuma moja ambayo flasha amesingiziwa mara nyingi mno. LED ina chanya na hasi; balbu ya zamani haikuwa nazo. Ile balbu ya kuchomeka yenye kitako bapa inaingia kwenye soketi pande zote mbili, ila ya LED inaweza kuwaka upande mmoja tu. Sasa balbu ya nyuma imechomekwa kinyume, haiwaki, na flasha anakonyeza haraka kusema kuna taa moja haiwaki. Anasema kweli tupu! Mwenye gari anakwenda kununua rezista. Alichotakiwa kufanya ni kuchomoa balbu, kuigeuza, kuirudisha.

Pikipiki zina kioja chake. Nyingi za zamani, na za bodaboda pia, zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imeungwa kati ya nyaya za kushoto na za kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa hicho, unavuka upande wa kulia na kutafuta ethi kupitia balbu za huko. Balbu za kawaida hazikujali. Umeme huo ni mchache mno kuziwasha. LED zinajali. Ukiwasha kushoto, zote nne zinakonyeza, na dereva anakwenda mjini akiwa kwenye hazadi ya kudumu. Dawa ni diodi mbili ndogo na waya mmoja wa ethi kwa kile kitaa cha dashibodi. Flasha hapo hana hatia yoyote, ingawa ndiye atakayebadilishwa kwanza.

Kanuni za kimataifa za magari zinataka indiketa ikonyeze kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na kasi hiyo ina sababu. Kwetu indiketa ni mazungumzo. Usiku katika barabara ya Morogoro, lori lililo mbele likikuwekea ya kulia linakwambia tulia nyuma, kuna gari linakuja. Likikuwekea ya kushoto, pita. Lugha hii madereva wamefundishana wenyewe, nayo inasemwa taratibu. Anayepokea mkonyezo wa kasi hajui kama anaambiwa apite, apite upesi, au dereva wa lori amepatwa na jambo.

Katika magari mengi mapya karani amehamia ndani ya kompyuta. Hakuna tena kidude cha kuchomoa, na ile tiki-tiki unayoisikia inatoka kwenye spika. Upimaji haujakoma. Huko utabaki na rezista, au fundi mwenye mashine ya kuingia kwenye programu ya gari, kama gari lenyewe litamruhusu.

Basi ndugu msomaji mwenye LED mpya mkononi: anza kwa kutazama kama zote nne zinawaka, geuza isiyowaka, soma herufi za flasha kabla hujalipa, na rezista ukiiweka ifunge kwenye bati. Ukishindwa yote hayo, zile balbu za wati 21 bado zimo kwenye boksi ulilotolea hizo mpya. Zirudishe. Flasha hatadai kitu kingine.