Sifa za Ofa

Mashujaa wametungiwa tenzi, na bibi harusi huimbiwa usiku kucha. Ofa haijapata wa kuisifu. Mimi niliyeteswa nayo nadhani nina haki ya kuanza.

Ni karimu: baani ofa ni bia ya mwenzio, na hiyo huwa inafika mezani kweli. Hudamka mapema: kampuni ya simu huniletea yake kabla ya adhana. Dukani inafundisha hesabu, maana bei hupandishwa Jumatatu ili ishushwe Ijumaa. Hayo ni madogo.

Sifa yake kuu ni uzazi. Nazungumzia ofa ya kiwanja, ambayo maofisa huiita barua ya toleo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mwananchi humilikishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Haikusema kwamba ofa ikilazwa kabatini usiku, huzaa. Kiwanja changu kina ofa tatu, zote zina muhuri, zote zimefanana na mama yao. Moja yangu, moja ya mama mmoja mjane, moja ya bwana aliyekwisha kupandisha msingi. Wataalamu wa udongo waje waone: mahali pasipoota hata mchicha pameotesha wamiliki watatu bila mbolea. Tukipewa muda, kiwanja hiki kitatosha wilaya nzima.

Uingereza hawana bahati hii. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa iliiamuru kampuni ya Carbolic Smoke Ball imlipe Bi Carlill pauni 100 ilizoahidi gazetini kwa atakayeugua mafua baada ya kutumia dawa yake. Ati ofa ikishakubaliwa, inamfunga aliyeitoa. Ukatili ulioje!

Lakini muhuri haujigongi. Kuna mkono ulioushika, na mkono huo unalipwa mshahara kwa kodi ya yule mjane, ambaye leo anaitwa mvamizi mahali alipolipia. Dalali kabadilisha laini. Ukienda ofisini, faili halionekani. Likionekana, mtandao hamna. Mtandao ukirudi, bosi yuko semina.

Juzi karani alinionea huruma. Akafunga droo, akaninong'oneza: "Mzee wangu, achana na hicho. Kuna viwanja vipya kule ng'ambo ya mto, na mwezi huu wana ofa."