Sifa za Maandishi Madogo

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, karafuu na macho ya wapenzi wao. Acha leo mimi nimsifu mnyonge asiye na mtetezi: maandishi madogo ya nyuma ya hati ya bima ya safari, yale ya wino hafifu yanayoanza na "Kampuni haitawajibika iwapo…"

Nayasifu kwanza kwa unyenyekevu. Ukurasa wa mbele una majigambo: familia inacheka ufukweni, na herufi nene zinaahidi fidia ya maelfu ya dola. Maandishi madogo hayajitangazi. Hukaa kimya kurasa za mwisho, yanakungoja uugue. Siku hiyo ndipo utakaposikia ufasaha wao.

Elimu yao ya jiografia haina mfano. Chukua bima isiyogharimia anayepanda juu ya mita 4,000, kisha upande nayo Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Itakusindikiza vizuri hadi Horombo, mita 3,720, ilale nawe pale, asubuhi ikuage. Kibo Hut, mita 4,720, unafika peke yako. Kutoka hapo hadi Uhuru, mita 5,895, ndiko watu wengi hushikwa na ugonjwa wa mwinuko, na bima yako wakati huo imekwishateremka. Helikopta ikiitwa, ankara ni yako. Ni wapi tena utapata mwalimu anayejua mlima kiasi hicho bila kuvaa buti?

Kumbukumbu zao nazo! Wewe umesahau kwamba una presha. Fomu ilipouliza kama umewahi kutibiwa ugonjwa wowote, ulitia alama ya "hapana" ukiwa mbioni kuwahi mambo mengine. Maandishi madogo hayasahau. Yanajua pia kwamba pikipiki uliyokodi Paje uliiendesha bila leseni yake, kwamba ulikuwa umeonja bia mbili, na kwamba ripoti ya polisi juu ya simu iliyoibwa uliichukua siku ya tatu wakati sharti lilikuwa saa 24. Hata mama mkwe hafuatilii hivyo.

Wanaokwenda Ulaya wanayajua vizuri zaidi. Anayeomba viza ya Schengen lazima awe na bima ya angalau euro 30,000, ya matibabu ya dharura na ya kurudishwa kwao akiugua au akifariki. Watu hununua iliyo rahisi kuliko zote, wapate muhuri, basi. Sasa tazama uzuri wake: sharti la viza halisemi neno juu ya sanduku. Kwa hati ya namna hiyo unaweza kurudishwa Dar es Salaam ukiwa marehemu, kwa heshima zote, lakini sanduku lako likipotelea Frankfurt, utajijua.

Na sisi hatukubaki nyuma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hulipia bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, ya siku hadi 92. Aliyekuja na bima yake ya kwao hasamehewi. Kwa hiyo hutembea na hati mbili, na furaha mara mbili, maana hati nyingi zina kifungu kinachosema zitalipa kile tu ambacho bima nyingine haikulipa. Akivunjika mguu, zitaanza kukaribishana: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.

Utani kando, maandishi hayo madogo ndiyo pekee katika hati nzima yanayosema kweli. Huko mbele unauziwa bahari. Huku nyuma unaambiwa ulichonunua. Basi, ndugu msomaji, ukienda kwa wakala, mwombe kurasa za nyuma kabla hujauliza bei, uzisome palepale dukani, na miwani yako. Akikuambia si lazima kuzisoma, nenda kwa wakala mwingine.