Siku Mbili Tatu

Ukija kwangu Tabata, usihangaike kumtajia bodaboda jina la mtaa. Mwambie, "Pale kwenye Carina bovu." Atakushusha mlangoni. Mimi mwenyewe hanijui mtu hapa, lakini gari ambalo si langu wanalijua hadi watoto wa chekechea.

Lililetwa miaka minne iliyopita. Rafiki wa shemeji yangu alilisukuma hadi uani akiwa na vijana watatu, jasho linamtiririka. "Kaka, naliweka hapa siku mbili tatu tu. Fundi anakuja Jumatatu." Ningekataaje? Nikawaletea na maji ya kunywa. Tangu hapo Jumatatu mia mbili na ushee zimepita, fundi hajaonekana, na simu ya mwenye gari haipatikani. Ukimuuliza shemeji, jamaa yuko Tunduma. Ukimuuliza tena, kavuka Msumbiji.

Gari liko juu ya mawe. Si usemi, ni mawe kweli. Matairi mawili yaliondoka usiku mmoja, na hayakuaga. Kuku wa jirani ametwaa kiti cha nyuma. Anaingilia dirisha la dereva, anaruka hadi nyuma kama bosi, anataga, anatoka anatangaza. Pale ilipokuwa taa ya kulia umechomoza mpapai, na mwaka huu umezaa. Mimi nina gari la pili, linalotembea, nalilipia kulaza kwa jirani kwa sababu uani kwangu hakuna nafasi.

Nikaenda kwa mjumbe. Mjumbe akanituma serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa wakaniandikia barua, wakagonga muhuri, wakanituma polisi.

"Gari limeibiwa?" afande akauliza.

"Hapana."

"Wewe umeibiwa?"

"Nimeibiwa nafasi, afande."

Akaniangalia kwa huruma. "Nafasi haina RB, mzee." Akaongeza kwamba lingekuwa barabarani, wangelivuta. Nikamuuliza, je, nikilisukuma hadi barabarani? Akasema hapo atakayevutwa ni mimi.

Nikafuatilia namba. Ni gari la namba A, na jina lililo kwenye kadi si la rafiki wa shemeji. Ni la mzee mmoja aliyeliuza zamani, na mnunuzi hakubadilisha umiliki. Nilipompata, mzee alifurahi kuliko mimi. "Mwanangu, ukimwona huyo mnunuzi, mwambie na mimi namtafuta!"

Basi siku moja akapita kijana wa chuma chakavu na toroli lake. Akalizunguka Carina, akaligonga ubavuni kama daktari anayepima kifua. "Mzee, hii nakata leo leo, nakuachia hela." Nikiri kwamba moyo ulidunda. Ila upande wa pili wa ukuta anakaa wakili mstaafu, na ana masikio ya kazi.

"Jirani! Usithubutu!" Akanikalisha. Kuuza mali ya mtu bila haki, akasema, ni wizi kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuikatakata ni kuharibu mali, kwa sura hiyohiyo. Kumbe wewe uliyevamiwa ndiye mtuhumiwa. Njia yake ni hii: picha, barua ya serikali ya mtaa, notisi ya maandishi kwa mwenye gari ikiwa na muda na mashahidi, kisha mahakamani kuomba amri. Dalali atakuja baada ya mahakama, si kabla.

"Na sheria ya miaka 12?" nikauliza. Nilikuwa nimesikia kwamba kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12, na mimi nikapiga hesabu: limeshakaa minne, bado minane, lisije likanidai kiwanja.

Wakili akacheka hadi akakohoa. "Gari halidai kiwanja. Lakini wewe ulilipokea kwa hiari yako, ukalikaribisha. Mwenyewe akirudi akakuta pungufu, atakuuliza wewe. Matairi yako wapi?"

Nikanyamaza. Miaka minne nimejiona mwenye kudai, kumbe mimi ni mlinzi wa usiku nisiyelipwa, na tayari nimelinda vibaya.

Nikaandika notisi, siku 30, mashahidi wawili. Nakala moja nikampa shemeji, nyingine nikaibandika kwenye kioo cha mbele. Wiki iliyofuata, kwa mara ya kwanza, ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua: "Kaka habari za siku. Nimeona notisi. Nakuja kulichukua, nipe siku mbili tatu. Betri ipo?"

Betri haipo.

Juzi usiku mvua kubwa ikashuka. Mke wangu aliamka akakuta kitanda kitupu, akachungulia dirishani. Nilikuwa uani na kaptula, tochi mdomoni, navuta turubai nalifunika Carina la watu lisilowe. Kuku alikuwa ndani, ananiangalia.