Koko Hana Malaria

Kwetu Nyangezi, mashariki mwa Kongo, mtu akitaka kumsifu au kumlalamikia mzee asiyebadili neno, husema tu, "Ule muzee iko sévère." Ni Kifaransa kilichozama zamani katika Kiswahili chetu, na hakuna anayeomba kufafanuliwa. Ndiyo maana binti yangu, alipoandika barua ya kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Kampala na kutakiwa amweleze mtu aliyemlea, alimweleza babu yake, Koko wetu, bila wasiwasi: "My grandfather is very severe."

Mimi nilikuwa shuleni, nikifundisha Kiingereza hichohicho. Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye, kila mmoja na kipande chake.

Binamu yake, anayesoma Uganda na aliyekuwa amekuja likizo, aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti uani, mama mkwe wangu akitwanga sombe kwa pembeni. Alipofika hapo akasita. "Severe? Koko? Dada, hivyo wanasema malaria. Severe malaria. Palu grave." Kijana alikuwa na haki yake. Kwa Kiingereza cha leo neno hilo limezoea kukaa na ugonjwa, ukame, dhoruba na adhabu, na mtu hulibeba kwa nadra. Lakini mtoto wetu wa mwisho alikuwa anapita na bidoni yake kwenda bombani, na katika maelezo yote hayo alisikia maneno matatu tu: Koko, palu, grave.

Bombani kulikuwa na foleni.

Wa kwanza kufika walikuwa wanawake wa shirika letu la parokia, vitenge vimefungwa kiunoni, wamebeba ndizi na majani ya sitroneli ya kuchemshia mgonjwa. Mmoja alikuwa na kuku kwapani. Mama mkwe, masikio yake yamejaa mlio wa kinu, alipoinua macho aliwaona wamesimama mlangoni, nyuso zimeshuka, hakuna anayesema. Mume wake alikuwa ametoka alfajiri kwenda shamba la mihogo, bila simu, kwa sababu katika amri zake mojawapo ni kwamba simu haiendi shambani. Mama alidhani wamekuja kumpa habari. Akaangusha mchi, akashika kichwa, akalia.

Nao walipomwona analia, wakajua mambo yamekwisha. Wakalia naye.

Kilio cha wanawake wengi katika bonde letu hakikai uani. Kilipanda hadi barabarani, ile ya Bukavu kwenda Kamanyola, na kilirudi na watu: katekista na kitabu chake cha sala, dereva wa pikipiki aliyejitolea kumkimbiza mgonjwa hospitalini kama bado ana pumzi, vijana wawili waliokwisha kutafuta miti ya kipoyi, machela ya kwetu. Binti yangu alikimbia kutoka kwa huyu hadi kwa yule akieleza kwamba Koko ni mzima, kwamba ni kosa la neno tu, na kadiri alivyoeleza huku machozi yakimtoka ndivyo walivyomshika mkono na kumwambia apige moyo konde.

Koko akaingia kwa mlango wa nyuma, jembe begani.

Alisimama. Aliwatazama wote. Halafu, kama desturi yake inavyotaka, aliweka jembe mahali pake, akanawa mikono, akapita kuwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, wa mwisho akiwa mke wake, na ndipo akauliza nani amekufa.

Nilifika jioni mvua ikiwa imeanza, nikakuta nyumba imejaa na hakuna anayeondoka. Koko alikuwa ameamuru kwamba waliokuja kumlilia hawatatoka na njaa, kwa hiyo bugali ilikuwa inasongwa na yule kuku aliyeletewa mgonjwa alikuwa sufuriani. Giza lilipoingia alifunga lango kwa kufuli. Lango hilo hufungwa kila siku baada ya rozari, na funguo hulala mfukoni mwake.

Kilichobaki kilikuwa barua. Binti hakutaka tena kuandika chochote, na binamu yake alijaribu kumsaidia kwa kutaja maneno mengine mfululizo: strict, stern, stringent, rigid, stubborn, harsh, adamant. Nililipenda sana swali la neno lipi lichaguliwe, maana ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kiingereza huja kwa majibu ya kuchagua, na maneno yaliyokaribiana yakipangwa pamoja wengi hubahatisha. Wameanza na Mashi nyumbani, wakaongeza Kiswahili, wakasomea Kifaransa, na Kiingereza kimewakuta njiani. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua za Kampala, Nairobi na Arusha zimekuwa jambo la nyumba nyingi hapa, na anayezisoma hatamwona kamwe mzee anayeelezwa. Atabaki na neno alilopewa.

Basi nikawauliza waliokuwepo. Wao walimjua Koko. Mimi ningejua neno.

Harsh ni ukali unaoumiza. Mama mkwe alikataa kabla sijamaliza: katika nyumba hii hajapigwa mtoto. Stern ni uso na sauti, na hapo watoto wote walisema ndiyo, lakini uso si mtu mzima. Stringent nililiweka kando, kwa kuwa hilo ni la sheria na masharti ya mkopo. Stubborn ni mkaidi, asiyesikia hata akielezwa, na katekista akasimama kabisa kulipinga. Alikumbusha siku walipoomba njia ipite katika migomba ya Koko, akakataa, akakataa tena, mpaka alipoambiwa kwamba wagonjwa wanabebwa kwa kipoyi kuzunguka kilima kizima. Kesho yake alikata migomba mwenyewe.

Adamant lilinichukua muda zaidi. Mtu huwa hivyo katika jambo moja alilolishika, si lazima maisha yake yote. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka minerval, ile karo ya shule, ilipokosekana na wajomba wakasema msichana amekwisha soma vya kutosha, aolewe, Koko aliuza ng'ombe na hakujibu mtu. Binti yangu hakuwa anajua. Alidhani fedha zilitoka kwa baba yake.

Yakabaki mawili, strict na rigid, na watu wakagawanyika kwa sababu ya lile kufuli.

Ndipo lango lilipogongwa. Alikuwa wifi yangu, binti wa Koko, anayekaa Kamanyola. Palu grave ilikuwa imemfikia kwa simu. Koko aliuliza kutoka barazani, "Saa hizi unatoka wapi?" Sauti ikajibu kwamba kwenye mlima wa Ngomo kuna matope, lori limekwama kwenye kona, ametembea sehemu kubwa kwa miguu. Mzee akachukua taa, akatoka kwenye mvua na funguo zake, akafungua. Alimgombeza toka langoni hadi jikoni kwa kupanda Ngomo usiku, na alimvua viatu mwenyewe.

Aliporudi kuketi, alituambia kwamba alikuwa anatusikiliza. Ujanani alisoma seminari ndogo ya Mugeri, kule Katana, na Kilatini hakijamtoka. Rigidus, alisema, ni kilichokakamaa kwa baridi. Strictus ni kilichokazwa kwa kamba, na aliyekaza anajua fundo liko wapi.

Sikuwa na la kuongeza. Binti akakaa mezani chini ya taa, akafuta severe, akaandika strict, akaongeza kwamba babu yake hufunga lango kila jioni na hulifungua mwenyewe akipewa sababu. Koko akataka atafsiriwe. Alisikiliza hadi mwisho, akarudisha karatasi.

"Andika na ng'ombe," akasema. "Ilikuwa na mimba."