Sifa za Ukuta Unaokataa Televisheni

Zege limesifiwa vya kutosha. Leo tuusifu ukuta wa miti na udongo wa Bahi, ule ambao mwenye nyumba alisimamisha nguzo zake mwenyewe, akafunga fito, akakandika, akapaka chokaa, kisha akaenda Dodoma mjini kununua televisheni bapa ya inchi 32 ya kuutundikia.

Tuuheshimu kwa ukoo wake. Ni ndugu wa tembe la Wagogo, lililobeba paa tambarare la udongo katika uwanda huu wa mvua haba kwa nguvu za nguzo tu. Udongo kazi yake ni kuzuia upepo na macho ya majirani. Kubeba mzigo haukuahidi tangu mwanzo. Enzi za televisheni ya chogo hakuna aliyeudai. Chogo lilikaa mezani, likafunikwa kitambaa cha kufuma, na amani ikawepo.

Sasa tazama ukarimu wa ukuta huu. Skrubu ikija inapokelewa bila hodi, inaingia hadi kichwani. Ikitaka kuondoka haizuiwi. Inasindikizwa, tena na udongo wa kutosha kujaza kikombe. Zege lenye roho ngumu lingemlazimisha fundi kuazima drili.

Unafundisha hesabu pia. Huko Marekani, nguzo za kuta za mbao kwa kawaida hupangwa kila inchi 16, kwa hiyo fundi hupima, hutoboa, huenda zake: maisha makavu hayo! Bahi nguzo ilisimama palipoupendeza mti, na kama mti ulipinda, nguzo imepinda. Lazima uchomeke msumari mwembamba hapa na pale. Ukipenya kirahisi, ni udongo. Ukigoma, umempata mwenye nyumba halisi. Ukigoma kidogo kisha ukazama ghafla, mchwa walikwishamkuta kabla yako, nao hawakuacha taarifa.

Kwa wapenda mpira ukuta huu ni mwamuzi wa pili. Siku ya Simba na Yanga sebule hujaa, walioegemea ukuta huruka wote kwa mpigo goli likiingia, na hapo ndipo breketi hutoa uamuzi wake. Bao linaweza kukataliwa; televisheni iliyodondoka haina marudio.

Wapo wasio na adabu wanaokwepa mafundisho haya yote. Huchukua ubao mnene, wakaulaza kuvuka nguzo mbili nzima, wakaufunga kwa skrubu ndefu zinazofika katikati ya mti, ndipo breketi ikakaa juu ya ubao, na udongo ukabaki na kazi yake ya upepo. Televisheni yao haianguki. Wanakosa mengi.

Nawe uliye ndani ya basi la Bahi na boksi mapajani: piga simu nyumbani waanze kutafuta nguzo, na ukipita kwa muuza mbao, teremka.