Makato ya Blenda Iliyorudi Dukani

Kifaa cha jikoni huacha kuwa kipya pale kisu kinapopita kwenye gundi ya boksi. Kabla ya hapo ni mali ya shilingi elfu tisini. Baada ya hapo, kwa maelezo ya muuzaji, ni mtumba. Makato ya kurudisha huzaliwa hapo katikati. Kwa kuwa maduka mengi ya Kibaha na Kisarawe hayana ubao unaoyataja, kiwango chake hupatikana kwa maneno, kama bei ya dagaa.

Vifaa hurudi kwa sababu mbili, na wanunuzi huzichanganya makusudi. Ya kwanza ni ubovu: jiko la presha halipati moto, friji inanguruma usiku kucha na maziwa yanaganda kwa uchachu badala ya baridi. Ya pili ni majuto: oveni imegoma kuingia kabatini, rangi haikumpendeza mama mkwe, friji ilipita mlango wa duka lakini haikupita mlango wa nyumba. Mwenye majuto hufika kaunta akidai ubovu, kwa kuwa ubovu unasikilizwa zaidi. Blenda ina kesi yake ya peke yake, na katika mkoa wa Pwani kesi hiyo ni nazi. Vipande vya nazi kavu hutiwa kwenye jagi bila maji ya kutosha, mota inatoa harufu, moshi unafuata, na asubuhi blenda iko njiani kurudi ikiwa imefutwa ikang'aa. "Kaka yangu, hii hata haijatumika." Muuzaji mzoefu habishi. Huligeuza jagi na kulikung'uta juu ya kaunta, machicha yakatoa ushahidi.

Kisheria sababu hizo mbili hazilingani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotungwa enzi za Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893, inamtarajia mfanyabiashara atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Mwaka 1893 blenda ilikuwa haijabuniwa, lakini kanuni inaitosha vizuri. Kifaa kilichouzwa kibovu kinaweza kukataliwa, mradi mnunuzi asikae nacho hadi Idi mbili zipite, na kumkata mtu fedha kwa ubovu alioukuta ni jambo lisilo na utetezi. Majuto, kwa upande wake, hayana kifungu. Anayempokea mwenye majuto anafanya hisani, na hisani ina haki ya kutozwa kidogo. Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" linawafunga wote wawili kamba moja, mwenye machicha na asiye na hatia.

Sheria hiyo hiyo ina mtego ambao maduka yameugeuza kuwa desturi: mnunuzi aliyekikagua kifaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wenyewe ungepaswa kuionyesha. Ndiyo maana kijana wa dukani hufungua boksi, huchomeka waya, huwasha na kusema, "Umeona, mama? Inafanya kazi." Mama ameona. Alichoona ni blenda tupu ikizunguka, na blenda yoyote husaga hewa vizuri. Umeme ukiwa umekatika, majaribio hufanywa kwa kuiangalia tu.

Risiti nayo ina kesi yake. Wito wa TRA wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" unajulikana hadi kwa watoto, na mashine za risiti za EFD zimekuwapo tangu mwaka 2010. Hata hivyo kwenye kaunta fulani huzuka bei mbili, yenye risiti na isiyo na risiti, na tofauti kati yao hufanana sana na VAT ya asilimia 18. Aliyechagua bei ya pili hurudi akiwa hana hata karatasi, naye muuzaji hupatwa na usahaulifu wa ghafla. Aliyechagua ya kwanza huambiwa kwamba mauzo yameshaingia TRA na kuyatengua ni usumbufu, kwa hiyo akubali makato. Usumbufu huo ni wa kweli, maana lazima rekodi irekebishwe. Haufikii elfu ishirini.

Hoja nzito ya muuzaji ni boksi. Bila boksi hawezi kukiweka kifaa rafuni na kukiuza tena kuwa kipya, jambo ambalo mteja anayefuata hapaswi kulijua. Kibaha, mji wa wafugaji wa kuku, boksi la jiko huweza kuwa limeshalaza vifaranga siku moja tu baada ya kufika nyumbani. Harufu yake haihitaji fundi kuithibitisha. Hapo makato ni halali, na mnunuzi mwenye haya hukubali bila kubishana.

Kisha kuna nauli, ambayo hakuna anayeitia kwenye hesabu mpaka ameshailipa. Kibaha na Kisarawe ziko katika mkoa mmoja, lakini njia iliyozoeleka na abiria hupitia Dar es Salaam. Anayeishi Kisarawe akavutiwa na bei ya Maili Moja, Kibaha, hushuka Pugu na Gongo la Mboto, hulivuka jiji, ndipo aishike Barabara ya Morogoro, huku konda akilidai boksi nauli yake kwa kuwa limekalia siti. Wanaonunua Kariakoo, nao ni wengi katika miji yote miwili, wana nafuu kidogo ya safari ila siyo ya msongamano. Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ipo kwa ajili ya mlaji, lakini ni nadra mtu kufunga safari nyingine kwa ajili ya elfu kumi na tano. Muuzaji analijua hilo, na kiwango chake hukipanga papo hapo.

Kinachobaki ni maneno. Salamu ndefu husaidia. Hasira huongeza makato. Utani husaidia zaidi: Mzaramo akigundua kwamba mwenye duka ni Mnyamwezi, mjadala wa blenda husimama, watu wakatukanana kwa furaha, na elfu tano huyeyuka bila aliyeiondoa kukumbuka. Lakini fedha taslimu hairudi hata kwa mtani. Muuzaji hupendelea kubadilisha: "Ongeza elfu thelathini, dada, uchukue hii kubwa." Makato yanatoweka kwenye mazungumzo, mnunuzi anatoka ameridhika, na ile kubwa ndiyo kwanza imepanda kwa kiasi kile kile. Anayetaka kubadilisha kifaa, basi, aulize bei ya hicho cha pili kabla ya kutaja cha kwanza, na boksi aliache nje kwa bodaboda.